Geuzeni Gari

Wifi yangu nilimleta mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Nilimkuta kibandani anauza vocha za simu, vidole vyake vyembamba, mkono hautetemeki hata wateja wakimpigia kelele, nikajisemea huyu nikimkalisha mezani kwangu atawapita hawa wanaume wenye mikono ya kubebea magunia. Nikamleta karakana, nikamfundisha kushika pasi ya kulehemu, nikamtoa tongotongo. Mdogo wangu wa kiume, yule wa tumbo moja nami, akamwona amekaa kando yangu, akapenda. Na mimi kwa ujinga wangu ndiye niliyekuwa mshenga. Shukrani ya punda ni mateke, wahenga walishasema, ila mimi nilidhani wanamsema punda wa watu wengine.

Kazi yetu ilikuwa mapaa. Si ya nyumba, ya magari, yale yanayobeba dawa zinazotakiwa kukaa kwenye baridi. Juu ya gari tunavisha paneli ya sola iliyopinda kufuata mgongo wa paa, ili jokofu lililomo ndani lipate umeme hata injini ikizimwa. Huko kupinda ndiko kunakoleta maneno. Paneli iliyonyooka kila mtu anaiunga: seli zote zinatazama juu, jua linazipiga sawasawa. Lakini paa lililopinda lina seli za utosini zinazotazama mbingu, na za mbavuni zinazotazama ukuta wa jirani. Ukizishika zote ukaziunga kwenye mnyororo mmoja, umeme unakwenda kwa mwendo wa aliye mnyonge. Seli moja ikikosa jua, wenzake wote wanadidimia naye, na yeye mwenyewe anasukumwa mpaka anashika moto. Kwa hiyo nilijiwekea kanuni, na niliitafuta kwa kuunguza vidole, si kwa kusimuliwa: wanaotazama upande mmoja ndio wakae mnyororo mmoja.

Gari lenyewe, Mungu anisamehe, limeumbwa vibaya. Upande wa mlango wa kuburuta paa linashuka ghafla, upande wa pili linateremka polepole. Mchoro wangu ulifuata umbo hilo. Ubavu wa mlangoni ulikuwa na mnyororo wake mwembamba peke yake, kwingine kote minyororo mipana. Mchoro ulibandikwa ukutani na ulionyesha paa kama anavyoliona ndege. Sasa sisi mezani hatukuwa ndege. Seli tunazilaza kifudifudi ndani ya kalibu yenye umbo la paa, tunalehemu migongoni mwao, na kinachokuwa mkono wako wa kulia ndicho kitakachokuwa kushoto paa likishageuzwa. Ukiufuata mchoro kama ulivyo ukutani bila kuupindua kichwani, umekwisha. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla sijagusa waya, nilikuwa naupiga kofi ukingo wa kalibu na kusema kwa sauti, mlango huku. Wifi alinicheka. Alisema naongea na kalibu utadhani ni mume.

Basi kuna paa lilitoa moshi barabarani. Dereva aliona rangi ya kahawia inatambaa juu ya kioo cha mbele, akasimama, akamwaga maji ya kunywa yote aliyokuwa nayo. Dawa ziliharibika. Paa lilirudishwa karakana limeungua ubavu mmoja, ubavu wa mlangoni, na mimi kulitazama tu nilijua kilichotokea: mchoro haukupinduliwa. Nusu ya mnyororo mpana imeangukia mbavuni, nusu imebaki utosini, wakavutana mpaka wakaungua.

Kalibu zilikuwa mbili wakati ule, moja yangu na moja ya wifi. Mdogo wangu hakuwa analehemu; yeye alikuwa fundi wa kuyabeba mapaa yakishaungwa, kuyagandisha na kuyafunga kwenye magari. Watu watatu tu tulijua paa lipi limetoka kalibu ipi. Mwenye karakana, tuliyemwita Tajiri ingawa suruali yake ilikuwa na viraka, alitusimamisha mbele ya mafundi wote akauliza ni la nani.

Wifi hakupepesa macho. Akasema, "La wifi."

Nikasema si langu. Nikasema tazameni lehemu, kila mtu ana mkono wake. Lakini lehemu ilikuwa imeyeyuka yote, hakuna mkono uliobaki pale. Tajiri akamgeukia mdogo wangu, kwa sababu alijua yule ni kijana asiye na maneno mengi, akamwambia anamtegemea yeye. Na mdogo wangu alijua. Nilimwona anajua, kama ninavyoijua sura yake tangu hajaota meno. Akasema ni la dada.

Nilifukuzwa siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana, na pasi yangu ikiwa bado ya moto mezani.

Jioni alikuja kwangu. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango kama mtu anayejiandaa kukimbia. Akaniambia mkewe ana mimba, wakimfukuza yeye watakula nini, na mimi ni fundi mkubwa, sitakosa pa kwenda. Mpaka hapo ningeweza kumsamehe, kwa shida, kwa miaka, lakini ningeweza. Kisha akasema, taratibu kabisa, kana kwamba ananifariji: "Halafu wewe huna mtoto, dada."

Mimi. Huyo, mama yetu alipokufa, alikuwa hajui kufunga vifungo vya shati. Mgongo wangu ndio uliokuwa kitanda chake, shule niliiacha ili yeye aiende, wanaume wawili walikuja kuniposa wakaondoka kwa sababu nilisema naja na huyu. Leo ananihesabia kwamba sina mtoto. Nilifungua mlango nikausubiri mgongo wake utoke, ukatoka.

Sikieni vizuri, maana watu hudhani ugomvi wangu ni wa mawifi. Wifi ni mtu wa kuja. Mtu wa kuja akikuuma, unaosha kidonda na kukifunga, unajilaumu kwa kumkaribisha. Anayekuuma akiwa wa damu yako, hicho hakifungiki. Wifi nilimchukia kwa mdomo. Mdogo wangu nilimchukia kwa tumbo, kiasi kwamba chakula kilikuwa hakipiti.

Habari zikatembea kunizidi miguu. Kila karakana niliyobisha hodi wameshasikia, wananikaribisha kiti, wananipa maji, wananiambia kwa sasa hatuhitaji mtu. Wakaniita Bi Moshi. Mtaani nako likafika, watoto wakawa wanaliimba nikipita. Nikaishia barazani kwangu, kwa miaka, natengeneza feni na pasi za nguo, kazi ya heshima, siidharau, lakini si yangu. Na kiti changu pale mezani nasikia kapewa nani? Mdogo wangu. Mkewe akamfundisha kulehemu kulekule nilikomfundisha mimi, yeye akawa msimamizi na mumewe akawa fundi wake.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani. Tajiri asimame mbele ya watu walewale aseme paa lile halikuwa la huyu mama. Basi. Kazi angenipa au asingenipa, shauri yake. Nilitaka jina langu.

Sasa dereva mmoja wa magari ya dawa alikuja kuniletea feni iliyoungua koili, na wakati namsubirisha akaanza kupiga soga. Akasema bosi wao, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, anataka kuyavisha magari yake yote mapaa mapya, na kesho yake asubuhi gari la majaribio litapimwa uwanjani kwa Tajiri. Likifaulu, karakana inapanuliwa. Akasema aliyeubuni mchoro ni mwanamke, hodari kweli, anaitwa msimamizi. Nikamuuliza mchoro upi. Akanieleza: ubavu wa mlangoni una mnyororo mwembamba peke yake. Nilimrudishia feni yake bila kumdai kitu, akashangaa.

Kesho yake nilivaa gauni langu la kwendea harusini. Mlinzi wa getini alinitazama, akatazama pembeni, akasema yeye hajaona mtu. Mungu amzidishie.

Gari lilikuwa limeegeshwa katikati ya uwanja, mlango wa kuburuta ukiwa upande wa jua. Jua lilikuwa bado halijapanda sana, linalipiga ubavu ule sawasawa. Mafundi wamejipanga, wengine wapya siwajui. Mdogo wangu alikuwa ameshika waya wa mita, amekonda, akaniona akashtuka nusura auachie. Wifi alikuwa amevaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alinitazama juu mpaka chini, akamnong'oneza Tajiri kitu. Tajiri akapunga mkono kuonyesha niachwe tu, leo siku njema.

Kulikuwa na makreti ya vioo yamepangwa ukutani. Nikapanda juu yake na gauni langu la harusi, nikalitazama paa.

Paneli zetu zinapitisha macho ukingoni, pale waya bapa unapotoka safu moja kuingia safu nyingine. Mimi huzisoma hapo. Nikafuata waya wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mnyororo mwembamba ulikuwa upande usio wa mlango. Ubavu wa mlangoni ulikuwa umemezwa na mnyororo mpana mpaka utosini. Amerudia! Aliiba mchoro, akaiba kiti, akaiba na sifa, lakini lile kofi la ukingoni alilolicheka hakuliiba. Na mkono ulikuwa wake. Wifi anavuta pasi kuelekea kifuani, kwa hiyo kila tone la lehemu analiacha na kimkia. Mdogo wangu yeye anabandika donge kana kwamba anaziba ndoo iliyotoboka. Pale juu vilikuwa vimkia vitupu, safu kwa safu.

Kwa nini lilikuwa bado linafanya kazi? Kwa sababu ya jua. Ubavu wa mlangoni ulitazama jua, utosi nao ulilipata, kwa saa ile wote walikuwa wameshiba. Jokofu lilinguruma vizuri, mita ikasimama juu, dereva akapaza sauti kusoma, watu wakapiga makofi. Tajiri akaanza hotuba. Akamshika wifi bega mbele ya yule mama mfupi, akasema huyu ndiye ubongo wa karakana, huu mchoro ameubuni yeye, tulikuwa na mtu hapa akatutia hasara kwa uzembe lakini Mungu akatupa huyu. Wifi akainamisha kichwa kwa haya ya uongo.

Nilishuka kwenye makreti. Sikuwa na haraka. Nilimwendea yule mama mfupi, nikamwamkia, nikamuuliza kwa adabu zote kama magari yake huwa yanaegeshwa yakitazama upande mmoja maisha yao yote. Akasema hapana, ni swali gani hilo. Tajiri akaanza kusema huyu ni yule, msimsikilize. Nikamwambia yule mama maneno mawili.

"Geuzeni gari."

Alinitazama muda, kisha akampa dereva ishara. Dereva, yule wa feni, akaliwasha, akalizungusha, akalisimamisha mlango ukitazama ukuta. Ubavu ule ukaingia kivulini. Mita ikashuka hapo hapo. Haikushuka kidogo, ilianguka. Jokofu likakohoa, likanyamaza, na uwanja mzima ukausikia huo unyamavu. Yule mama akangoja, nasi tukangoja naye, kisha akapanda kwenye ngazi ya gari akaweka kiganja juu ya paa pale mbavuni. Akakiondoa upesi na kukipuliza.

Nilisikia raha, siwezi kudanganya. Raha ilinipanda kutoka kwenye nyayo. Wifi rangi ilimtoka, midomo ikamkauka, na mimi nikamkazia macho ili asije akasema baadaye hakuniona.

Tajiri aliuliza kwa sauti ya chini, ile yake ya hatari, kazi hii ni ya nani. Alisema ubavu ni uleule, upande uleule, kama lile paa la moshi. Kila mtu akamtazama msimamizi. Na wifi yangu, yule niliyemtoa kibandani, akanyoosha kidole kwa mume wake wa ndoa, baba wa mtoto wake.

"Ya mume wangu. Mimi nilimwachia."

Waya wa mita ukamponyoka mdogo wangu. Akasema si yeye. Akalirudia neno hilo mara kadhaa na kila mara lilitoka dogo zaidi. Tajiri akamtazama mke, akamtazama mume, akaona hapo hapati kitu. Kisha akanigeukia. Tangu anifukuze hakuwa amenitazama usoni.

Alisema mimi nilikuwa naijua mikono ya watu wote pale. Akasema lehemu ya leo haijayeyuka, nipande nikasome. Kisha akaongeza, na mafundi wote walimsikia: mdogo wangu wakati wa paa la moshi alikuwa hajawahi kushika pasi. Kosa ni lilelile, kwa hiyo kama mkono wa leo ni wa mkewe, basi na lile la kwanza lilikuwa la mkewe, na yeye Tajiri ataniomba radhi hapo hapo, na kiti nitakikuta. Kama ni wa mume, basi lile la zamani linabaki kuwa la kwangu.

Haya, jina langu lile pale, limewekwa mezani. Kilichobaki ni mkono tu wa kulichukua. Sikuhitaji hata kusema uongo.

Nikapanda ngazi, nikajifanya nasoma. Nilikuwa nimeshasoma. Nilichokuwa nafanya ni kutazama chini, na chini alikuwa mdogo wangu amenyanyua uso. Alikuwa ametulia. Mtu aliyeangusha waya sasa hivi ametulia, kwa sababu aliyepanda ni dada yake. Hakuwa na shaka hata chembe. Alijua nitamtoa, kama nilivyomtoa kwenye kila shimo tangu azaliwe, kisha atarudi nyumbani akale.

Akasema, "Dada, sema tu. Si unaujua?"

Ule utulivu wake ndio ulioniua. Angelia, angeniangukia, pengine ningekuwa mtu mwingine. Nikaona nikisema kweli natoka na jina langu, na yeye anatoka ameshika upindo wa gauni langu, safi, hana deni, na hatajua hata siku moja kuona aliye wako anafungua mdomo akuzamishe inakuwaje. Nilitaka aijue hiyo. Nilitaka kuliko jina.

Nikashuka ngazi, nikajifuta mikono.

"Ni mkono wa mdogo wangu," nikasema.

Sikumtazama yeye kwanza. Nilimtazama wifi, kwa sababu alitoa sauti, kama mtu aliyekaa mahali alipodhani hakuna kiti akakikuta. Nilikuwa nimemwokoa. Hakuelewa, na sikumfafanulia. Tajiri akatikisa kichwa, akaonekana amechoka. Akamwambia mdogo wangu avue ovaroli. Mimi hakuniambia kitu. Alinipita kama anavyopita makreti yale, akaenda kumbembeleza yule mama mfupi ampe nafasi nyingine. Yule mama alinitazama kidogo zaidi ya wengine. Nadhani alijua kuna kitu, lakini magari ndiyo yaliyomleta.

Mdogo wangu alinikuta nje ya geti. Amevaa fulana tu, ovaroli ameiacha. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa na yangu tayari, mengi.

Hakutukana. Alisema nilijua ni kazi ya mkewe. Nikasema nilijua. Akasema ningesema kweli, leo hii ningekuwa nimerudi kwenye kiti changu na jina langu limesafishwa mbele ya wote. Nikasema hilo nalo nilijua. Machozi yakamshuka bila kuyafuta, kama alivyokuwa akilia utotoni, mdomo umefungwa.

"Sasa moyo umetulia, dada?"

Aliuliza kweli, alitaka kujua. Nilitaka nimwambie ndiyo. Nilijipekua, nikatafuta ile raha ya pale uwanjani, nikakuta hasira yangu imekaa palepale ilipokuwa jana.

"Bado," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akavuka barabara akaenda kumwambia mwanawe chochote atakachomwambia. Mimi nilibaki pale getini na gauni langu la harusini, nangoja moyo utulie.